Joto la Dar na Bitana ya Gauni Langu

Niliingia Dar es Salaam Desemba 2013 na begi moja, ndani yake suti mbili ambazo mama alinishonesha Njombe kwa fedha ya viazi. Moja ya kijivu, nyingine rangi ya kahawa. Kitambaa kilikuwa kizito, kinaanguka vizuri mwilini, hakishiki mikunjo hata ukikilalia usiku kucha. Kule kwetu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako Juni na Julai watu huota moto jikoni mpaka usingizi uwapitie palepale, suti ile ilikuwa nguo ya heshima na ya busara. "Wakuone umetoka kwa watu," mama aliniambia akiikunja.

Siku ya kwanza ya kazi nilipanda daladala Mbagala saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilisimama, kama kila mtu. Kabla hatujafika Mtoni jasho lilikuwa linateremka katikati ya mgongo taratibu, kama mtu ananimiminia maji kwa kijiko. Tuliposhuka Posta blauzi ilikuwa imenigandia na bitana ya sketi, kile kitambaa kinachoshonwa kwa ndani, imejiviringa mapajani. Kijivu ni rangi inayomwaibisha mtu anayetoka jasho, maana kila tone linaacha doa jeusi. Nilishinda siku ile nimebana mikono mbavuni ili watu wasione kwapa, na jioni mabega yaliniuma kwa sababu hiyo tu.

Nilikuwa nimewahi kukaa Dodoma miezi minne, kwa hiyo nikadhani joto nalijua. Joto la Dodoma linakausha. Ukianika nguo saa nne, saa sita unaanua. Dar msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, nguo niliyofua jioni na kuianika ndani niliamka nikaikuta bado mbichi. Jibu la shida yangu lilikuwa pale kwenye kamba, ila sikuliona. Jasho lenyewe halimpozi mtu. Linampoza pale linapogeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi, na hewa iliyokwisha kushiba maji hailipokei haraka, kama ilivyokuwa haiyapokei maji ya nguo zangu. Ngozi tayari inahangaika, na mimi juu yake naongeza kitambaa kisichopitisha hewa hata kidogo. Wenyeji hali ile wanaiita fukuto, na ukishakaa ndani ya koti la poliesta, kitambaa cha nyuzi za plastiki kama suti yangu, kwenye daladala lililokwama foleni, unajua kwa nini neno hilo halifanani kabisa na neno joto.

Kufika Februari shingo yangu yote, chini ya matiti na nyuma ya magoti kulikuwa na vipele vidogo vinavyochomachoma kama miiba. Nilijipaka poda. Poda ikaloa, ikawa uji. Ndipo asubuhi moja mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Pangani aliyeishi Mbagala miaka mingi, akanisimamisha uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu geuka." Akanishika shingo kwa vidole viwili. "Harara hiyo. Na hii nguo yako ndiyo inayoilea."

Aliniambia nitafute pamba. Nikamsikia, na wiki ile ile nikaenda Kariakoo nikanunua kitenge cha pamba mita nne, nikampelekea fundi cherehani aliyekuwa akikaa barazani mtaa wa pili. Nikamwambia nataka gauni la ofisini, liwe na hadhi. Alinishonea gauni zuri mno, la kola, mikono mifupi, kiuno kimekaa. Nililivaa Jumatatu, na Jumatatu ile ile jioni nilirudi nimeloa kama nilivyokuwa nikiloa na suti ya mama.

Nilikasirika, nikaona muuzaji wa Kariakoo kaniuzia poliesta akaiita pamba, jambo ambalo hutokea sana, kwani siku hizi vitenge vingi vya bei rahisi ni poliesta iliyochapwa maua. Nikalipeleka gauni kwa fundi nikamweleza. Hakubishana. Alichomoa uzi mmoja kwenye upindo, akawasha kiberiti, akausogeza. Uzi ukashika moto kama karatasi, ukanuka kama karatasi, ukaacha jivu jepesi la kijivu ambalo alilipuliza likapotea.

"Dada, hii pamba."

Kisha akaligeuza gauni ndani nje. Akachomoa uzi kwenye bitana, akausogeza motoni vilevile. Huo haukuwaka kwanza. Ulijikunja, ukarudi nyuma kama unaukimbia moto, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi wenye harufu ya chupa ya plastiki. Ulipopoa kulikuwa na kidonge cheusi kigumu kwenye ncha. Akaniwekea kiganjani.

"Huyu ndiye mchawi wako."

Nikamuuliza mbona aliiweka. Akasema nilitaka gauni la ofisini, na gauni la ofisini huwa na bitana. Alikuwa sahihi. Sikuwahi kuuliza ndani kuna nini. Nilinunua kitambaa kwa macho, na macho yanaishia nje, wakati ngozi yangu kutoka shingoni mpaka magotini ilikuwa haigusi hata inchi moja ya kile kitenge nilichokitolea hela. Fundi alichukua wembe, akaifumua bitana yote palepale barazani, mshono kwa mshono, nami nimesimama. Kitenge hakiangazi, akasema, bitana ya nini? Alipunguza pia ile gamu, kitambaa kigumu cha kukazia alichokuwa amekiweka kwenye kola, akaachia tundu la mkono upana wa vidole viwili. "Nguo ya huku unamwachia mtu nafasi apumue," alisema.

Nililivaa tena Jumatano. Sitasema sikutoka jasho, maana Februari hata waliozaliwa Magomeni wanatoka jasho. Lakini jasho lilikuwa linaondoka. Nilishuka Posta, upepo wa baharini ukapita ndani ya gauni, nikasikia baridi mgongoni. Baridi kabisa, ile ya kusisimka. Nilisimama kituoni dakika nzima nikiisikiliza.

Tangu siku ile sinunui nguo bila kuigeuza ndani. Nguo za dukani ndizo mbaya zaidi kwa hili. Nje unaona pamba au kitani, ndani kuna poliesta nyembamba ya kuteleza, na lebo imeandika jina la kitambaa cha nje kwa herufi kubwa. Kama kitambaa kinaangaza na stara inahitajika, navaa shumizi ya pamba laini iliyo peke yake, ambayo naweza kuivua na kuifua kila siku.

Kosa la pili nililifanya kwa sababu ya kulielewa somo la kwanza nusu. Nikawa mtu wa pamba, pamba, pamba. Nikanunua suruali ya kaki nzito, pamba tupu, na jinzi mbili. Siku mvua ya vuli iliponikuta nimevaa ile kaki, ililoa saa mbili asubuhi, na saa tisa alasiri bado ilikuwa nzito na mbichi, imenichubua mapaja mpaka natembea kwa kutanua miguu.

Aliyenitoa hapo ni mzee jirani yetu aliyefanya kazi ya ufumaji kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Mzee huyu hawezi kupita nguo kambani bila kuishika. Aliishika kaki yangu, akaishika na kanga ya mke wake, akaziinua zote mbili kwenye jua. Kupitia kanga niliona mwanga umejaa vitundu vidogo, kama chandarua cha mbali. Kupitia kaki sikuona kitu. "Zote pamba," akasema. "Ila hii mtande na mshindio vimesongamana, upepo utapita wapi?" Mtande ni zile nyuzi zinazotandwa kwa urefu kwenye mtambo, mshindio ndio unaopita kati yake kwa upana, na kadiri vinavyobanana na uzi unavyokuwa mnene, ndivyo kitambaa kinavyogeuka ukuta. Jina la pamba peke yake halikutoshi. Inue juani kwanza.

Baadaye nilisoma hesabu zinazoonyesha kwa nini pamba na poliesta hutofautiana hivyo. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, kilo moja ya pamba kavu huchukua na kushika maji gramu 80 hivi. Poliesta huchukua gramu 4 tu. Ndiyo maana pamba inalipokea jasho, na poliesta inaliacha lielee kati yake na ngozi. Lakini gramu zilezile ndizo zinazoifanya pamba nzito ikatae kukauka. Kwa hewa yetu, pamba inayofaa ni nyepesi, yenye maji machache ya kubeba na vitundu vingi vya kuyaachilia.

Mama mwenye nyumba alikuwa na majina ya vitambaa hivyo vyepesi ambayo mimi sikuwahi kuyasikia bara. Bafta, ile nyeupe ambayo wengi tunaijua kwa sanda tu. Shashi, unayoweza kuona vidole vyako kwa upande wa pili. Melimeli, ambalo ni neno lililovuka bahari na kitambaa chenyewe kutoka India. Na amerikani, ile pamba isiyopaushwa waliyokuwa wakiileta Unguja wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830, mpaka ikachukua jina la nchi ilikotoka. Alikuwa akiyataja kama mtu anayetaja ndugu zake. Nilipata kipande cha melimeli kwa muuza vitambaa mmoja mzee, nikashonesha blauzi mbili pana, na mpaka leo hakuna nguo niliyowahi kuivaa Machi ikanifaa kama zile.

Kwa kuwa vitambaa vile si rahisi kuvipata, nguo nyingi nilizinunua mitumba ya Karume. Pale nilijifunza kusoma lebo za lugha ambazo siwezi hata kusalimia kwazo. *Algodón* ni pamba. *Baumwolle* pamba. *Katoen* pamba. *Bomull* pamba. *Lino* na *Leinen* ni kitani, na kitani ukikipata kichukue bila kusitasita, kwani kinanywa maji kuliko pamba, kinakauka upesi, na hakigandi mwilini kwa kuwa nyuzi zake ni ngumu kidogo. Kinakunjamana, ndiyo. Mimi nilishakubaliana nacho. Mitumba ina faida nyingine: nguo imeshafuliwa mara nyingi, imeshalainika, imeshasinyaa kiasi cha kusinyaa kwake. Unachokiona ndicho utakachokuwa nacho.

Viskosi, kitambaa kinachotengenezwa kiwandani kutokana na mbao, nayo inastahili neno. Madera mengi laini yanayomwagika kama maji ni viskosi, na inapoza vizuri sana kwa sababu inanywa jasho hata kuliko pamba. Ukiichoma inaungua kama karatasi, hivyo kiberiti hakitakuonyesha tofauti. Udhaifu wake uko majini. Ikiloa inapoteza nguvu nyingi, na mimi dera langu nililolipenda nililikamua kwa mikono miwili kama ninavyokamua shuka, likachanika begani mpaka kiunoni. Viskosi unaibonyeza ndani ya taulo, kisha unaianika kivulini.

Sitaki mtu aone naichukia poliesta kila mahali. Jezi nyepesi zenye matundu, zile za mpira, humkaukia mkimbiaji mgongoni haraka, na kwa nusu saa ya mazoezi zinafaa. Shida ni kushinda nayo kutwa nzima. Blauzi zangu za poliesta zilikuwa na tabia moja iliyonitesa kuliko zote: zikishafuliwa na kukauka zinanukia sabuni, nikizivaa zikapata joto la mwili, ndani ya dakika kumi harufu ya jasho la jana inaamka. Nilikuwa nafua mara mbili, naloweka, na bado. Nilipohamia pamba harufu ile ilikoma, na ndipo nilipoacha kujilaumu kwamba ni uchafu wangu.

Jambo ambalo ningependa kila mzazi aliyetoka mikoa ya baridi alisikie ni la mtoto wangu.

Alizaliwa Februari 2017. Mama yangu alipanda basi kutoka Njombe na mfuko mkubwa, ndani yake sweta nne alizozifuma kwa mkono, kofia za sufu bandia, soksi na shali nene. Kule kwetu mtoto mchanga asiyefunikwa ni mtoto asiyependwa. Tukamvika. Usiku wa nne alilia kuanzia saa tano mpaka alfajiri, ananyonya kidogo anaachia, uso umemvimba kwa kilio. Mama akasema ni chango. Akamwongeza shali.

Asubuhi mama mwenye nyumba aliingia kutusalimia, akamchukua mtoto, akaweka kiganja kisogoni pake. Hakusema neno. Alimlaza kitandani akaanza kumvua, sweta, fulana, soksi, mpaka akabaki na winda. Mikunjo yote ya shingo ilikuwa imejaa harara, na mgongo mzima, vipele vimepangana kama mchanga.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, mama yangu akiwa amesimama pale, "mtoto huyu mnamwivisha."

Alikwenda chumbani kwake akarudi na kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka maua yamekuwa kivuli na jina lake halisomeki. Akaichana katikati kwa meno na mikono. Akamwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa kugusagusa, akamlaza juu ya nusu moja na kumfunika nusu nyingine mpaka kifuani. Mtoto alilala kwa muda wa saa tatu. Kliniki muuguzi alisema maneno yale yale: vijitundu vya jasho vimeziba, mvalisheni pamba moja nyepesi, msimpake mafuta mazito wala poda, mguseni kisogo au kifua kujua kama ana joto, mikono na miguu ya mtoto mchanga hupoa yenyewe. Siku nne, shingo ikawa safi.

Mama yangu alilia siku ile, nyuma ya nyumba, na sweta mapajani. Alikuwa amezifuma miezi mitatu. Nilimwambia tutazipeleka Njombe mtoto akija kwake, na kweli Julai alizivaa zote, moja juu ya nyingine.

Kanga ile kuukuu ilinifunza kitu ambacho kila mwanamke wa pwani anakijua bila kufundishwa. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani. Ukijifuta nayo baada ya kuoga maji yanateleza tu, hayanyweki. Jaribu, weka tone juu ya kanga mpya, litakaa limejikusanya. Weka tone jingine juu ya kanga iliyofuliwa mara kumi, litazama na kutanuka hapo hapo. Kwa hiyo hata kitambaa kizuri cha pamba usikihukumu dukani siku ya kwanza. Kiloweke majini, kifue mara mbili tatu, ndipo kikuonyeshe kilivyo. Na kiloweke kabla hakijaenda kwa fundi, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa, na gauni lililokuwa pana kwa vidole viwili litakuja kukubana kwapani kulekule ulikokuwa unakukimbia.

Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu. Sare ya shule yao ni shati jeupe na kaptura ya bluu ya giza, kitambaa tetroni, kile chenye poliesta nyingi, na kwenye orodha kuna sweta. Mwaka jana Februari alirudi nyumbani na harara shingoni, ileile, mahali palepale. Nilikwenda kikao cha wazazi na mashati mawili meupe, moja la shule, moja nililolishonesha kwa kitambaa chenye pamba nyingi na poliesta kidogo. Sikutoa hotuba. Niliomba yapitishwe mkono kwa mkono, kila mzazi alipulizie pumzi kupitia kitambaa. Shati la shule lilirudisha pumzi usoni. Baba mmoja alipulizia mara tatu, akamtazama mkewe.

Mama mmoja aliuliza swali la haki kabisa: pamba inakunjamana, na yeye anatoka nyumbani saa kumi na moja, nani atapiga pasi? Nikamwambia ndiyo maana sikuleta pamba tupu, na nikakiri kwamba hata hiki kinahitaji pasi mara moja kwa wiki. Tulikubaliana sweta isiwe lazima kuanzia Oktoba mpaka Machi. Suala la kitambaa limepelekwa kamati ya shule, na mzazi anayetaka anaruhusiwa kushona shati la mwanawe kwa kitambaa anachokitaka, mradi rangi na mkato ni vilevile.

Nimenunua mita mbili jana. Niliziinua juani mlangoni mwa duka, muuzaji akanishangaa, nikachomoa uzi upindoni nikauweka mfukoni wa kuuchoma nyumbani. Kitambaa kimelala kwenye beseni usiku kucha na leo kiko kambani uani, bado kibichi. Kikikauka, Jumamosi nakipeleka kwa fundi.